Kabla Hujabadilisha Kemshafti, Iulize Krenki

Roka ya silinda ya nne ilichomoka tukiwa tumeshaipita Maungu, jua la saa saba likichoma lami. Mjomba alikuwa kwenye usukani wa Datsun 240Z yake, gari alilolitunza kama mboni ya jicho, na wiki moja kabla ya safari ile gereji moja ya Mombasa ilikuwa imemfungia kemshafti kali ya mashindano. Alitaka kunionyesha jinsi gari lilivyobadilika. Akaikanyaga kwenye gia ya tatu mpaka mshale wa geji ukavuka mizunguko 7,000 kwa dakika. Kikasikika kishindo kama cha nyundo ndani ya debe, kisha injini ikaanza kutetemeka, ikivuta kwa silinda tano.

Tulipofungua kifuniko cha valvu tukaikuta roka imelala ubavu, na kile kikofia kidogo cha chuma kinachokaa juu ya valvu kimeruka. Bahati yetu kilinasa pembeni, hakikudondokea kwenye cheni. Springi za valvu zilikuwa zilezile ambazo gari lilitoka nazo kiwandani. Gereji ilikuwa imetoa kemshafti ya zamani na kuweka mpya, basi. Hakuna aliyepima springi, wala aliyekagua njia ya roka, wala aliyemwambia mjomba mwisho mpya wa resi, yaani kasi ya injini, ni upi.

Tangu siku hiyo nimeliona kosa hilohilo mara nyingi. Siku hizi vijana wengi wanafufua magari ya zamani ya silinda sita: Datsun, Crown, Laurel, Land Cruiser za petroli. Ninafurahi kila ninapoliona moja barabarani. Lakini swali lao la kwanza karibu kila mara ni kemshafti ipi ifungwe, na swali la injini itazungushwa mpaka wapi huja baadaye, au haliji kabisa. Maswali hayo mawili ni mamoja. Anayeuza kemshafti anauza pia resi, na resi hizo zitabebwa na vyuma ambavyo yeye hakuviuza.

Tuanze na kazi ya kemshafti yenyewe. Ni fimbo yenye nundu, moja kwa kila valvu katika injini kama ya 240Z. Nundu ikipita huisukuma roka, nayo roka husukuma valvu ifunguke. Ikishapita, springi huirudisha. Fimbo hiyo huzunguka nusu ya kasi ya krenki, mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni. Nundu ikiwa ndefu, valvu hufunguka zaidi. Ikiwa nene, valvu hubaki wazi kwa muda mrefu zaidi. Pia kuna kitambo kidogo ambapo valvu ya kuingiza na ya kutoa huwa wazi zote mbili, ile ya kutoa ikimalizia na ya kuingiza ikianza. Fundi wa mashindano hukirefusha kitambo hicho makusudi, kwa sababu injini inapozunguka kwa kasi kubwa, moshi unaotoka huivuta hewa mpya nyuma yake.

Shida ni kwamba mvuto huo haupo kwenye kasi ndogo. Injini ikiwa kwenye silensa, yaani ikizunguka taratibu bila kukanyagwa, moshi hurudi nyuma kuelekea kwenye kabureta, mchanganyiko wa mafuta unachafuka, na gari linasimama kwenye taa likitikisika kama mgonjwa wa homa. Wengi huusikia mtikisiko huo wakadhani ndio nguvu. Mimi huusikia nikafikiria breki. Sevo ya breki katika magari haya hutegemea vakyumu inayotoka kwenye injini, na kemshafti kali huipunguza vakyumu hiyo kwenye resi ndogo. Dereva anayeteremka taratibu kwenye msongamano anaweza kukanyaga breki akaikuta ngumu kama jiwe. Hilo peke yake latosha kumfanya mwenye gari la kila siku afikiri mara mbili.

Kuna jingine ambalo wauzaji hulipita haraka. Kemshafti kali huchelewa kuifunga valvu ya kuingiza, na wakati huo pistoni imeshaanza kupanda, kwa hiyo sehemu ya hewa iliyoingia husukumwa nje tena. Injini iliyoundwa kwa mgandamizo mdogo ikifungiwa kemshafti ya namna hiyo hulegea chini bila kupata cha maana juu. Ndiyo maana wajuzi hupandisha mgandamizo pamoja na kemshafti, kisha wanaangalia ubora wa petroli, kisha taimingi, kisha kabureta. Ukivuta uzi mmoja, nguo yote inasogea.

Niirudie 240Z, kwa kuwa ndiyo injini ya silinda sita yenye historia kubwa zaidi kwenye udongo wetu. Injini yake inaitwa L24. Ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, kipenyo cha silinda milimita 83, na pistoni husafiri milimita 73.7 tu kutoka juu hadi chini. Bloku ni ya chuma cha kusubu, hedi ni ya alumini, na kemshafti ni moja, imekaa juu ya hedi ikiendeshwa kwa cheni. Krenki imeshikwa na beringi kuu 7, moja kila upande wa kila silinda. Kwa vipimo vya Marekani vya wakati ule ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 151 kwenye mizunguko 5,600 kwa dakika.

Tarakimu hiyo ya mwisho isipite hivihivi. Nguvu ya juu kabisa ya L24 ya kiwandani iko kwenye 5,600. Baada ya hapo kemshafti yake imeshaishiwa pumzi, na kila unachoongeza ni kelele na uchakavu. Geji ya 240Z za awali iliruhusu mpaka 7,000 kabla ya kuingia kwenye nyekundu, lakini dereva mwenye kemshafti ya kiwandani anayebadilisha gia kwenye 6,000 na ushei hapotezi chochote.

Injini hii ndiyo iliyoshinda Safari Rally. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller waliifikisha 240Z mbele ya wote, mwaka mmoja baada ya wawili hao hao kushinda kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka 1973, msimu wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rali, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, alishinda kwa 240Z baada ya kufungana kwa pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun 1800 SSS. Magari yote hayo yalikuwa na injini za ukoo mmoja wa L, nne kwa sita.

Wakati huohuo Nissan ilikuwa na injini nyingine ya silinda sita, S20, iliyofungwa kwenye Skyline GT-R na kwenye Fairlady Z432. Ile ilikuwa na kemshafti mbili na valvu 24, na ilitoa nguvu za farasi 160 kwenye 7,000. Kwenye karatasi ilikuwa mfalme. Lakini magari yaliyokuja kushinda matope na mawe ya Afrika Mashariki yalikuwa na L24 ya kemshafti moja, injini yenye ujazo mkubwa zaidi na muundo mwepesi zaidi kwa fundi wa porini. Kwa maelfu ya kilomita za njia kama zile, kinachohesabika ni nguvu inayopatikana mapema na injini inayofika. Naamini uchaguzi ule unafaa kuwa mwongozo wa kila mwenye gari la zamani katika nchi zetu.

Sasa tushuke chini, kwenye krenki. Kwa nini resi huua injini? Pistoni haizunguki, hupanda, husimama, hushuka, husimama, kisha hupanda tena. Kila inaposimama, konrodi inayoiunganisha na krenki, pamoja na bolti zake, hubeba mzigo wote wa kuigeuza. Chukua L24 kwenye 7,000. Pistoni inapofika juu, hugeuzwa kwa nguvu inayozidi mara 2,500 ya uzito wake. Pistoni na vikorokoro vyake vikiwa na nusu kilo, konrodi inavutwa kwa nguvu inayozidi uzito wa tani moja, mara 117 kila sekunde. Hali huwa mbaya zaidi kwenye mpigo wa kutoa moshi, kwa sababu pale hakuna mgandamizo wa kuisaidia pistoni kusimama. Bolti za konrodi ndizo zinazoishika peke yake.

Na mzigo huo haupandi hatua kwa hatua pamoja na resi. Hupanda kwa kipeo cha pili. Kutoka 6,000 kwenda 7,000 resi zimeongezeka kwa sehemu moja ya sita, lakini mzigo kwenye konrodi umeongezeka kwa asilimia 36. Kutoka 6,000 kwenda 8,000 umeongezeka kwa asilimia 78. Mtu anayesema “ni elfu moja tu juu ya mstari” hajafanya hesabu hiyo.

Kuna hesabu rahisi ambayo kila mwenye gari anaweza kuifanya kwa simu yake. Chukua mwendo wa pistoni kwa milimita, zidisha kwa 2, zidisha kwa resi, kisha gawanya kwa 60,000. Unapata wastani wa kasi ya pistoni kwa mita kwa sekunde. L24 kwenye 7,000 ni kama mita 17.2. L28, ndugu yake mkubwa ambaye pistoni yake husafiri milimita 79, ni 18.4 kwenye resi hizohizo. S20, yenye mwendo wa milimita 62.8, ni 14.7 tu, na hapo unaona kwa nini ilizunguka bila kulalamika. Kwa pistoni na konrodi za kiwandani zenye miongo kadhaa, mafundi waangalifu huona 18 hadi 20 kuwa ukingo wa shimo.

Igeukie sasa 2F, injini ya petroli ya silinda sita ya Land Cruiser. Pistoni yake husafiri milimita 101.6, ujazo wake ni sentimita za ujazo 4,230, na nguvu yake ya juu hupatikana karibu na mizunguko 3,600. Ukiilazimisha ifike 7,000, pistoni zake zitakuwa zinakwenda mita 23.7 kwa sekunde. Haitafika huko nzima. Kemshafti yake imo ndani ya bloku, na kila valvu husukumwa kupitia fimbo ndefu, uzito ambao springi inapaswa kuurudisha kila mara. Injini ile imezaliwa kuvuta. Anayetaka kuifungia kemshafti basi achague inayoongeza mvuto wa chini, aiache ifanye kazi iliyoumbiwa.

Silinda sita za mstari mmoja zina sifa ambayo silinda nne hazina: pistoni zake husawazishana, ndiyo maana hunguruma laini kama cherehani. Lakini krenki yake ni ndefu, na kitu kirefu hupindika. Kila silinda inapowaka huipa krenki msukumo unaoisokota kidogo, kisha inajirudia, na kwenye resi fulani msokoto huo hukutana na mwingine ukawa mtetemo wa kuvunja chuma. Timu ya Peter Brock ya California, BRE, ilipoanza kuishindanisha 240Z mwaka 1970, ilipambana na mtetemo wa krenki kwenye resi za juu mpaka ilipopata krenki iliyorekebishwa kutoka Japani. Baada ya hapo John Morton alitwaa ubingwa wa Marekani wa daraja la C Production mwaka 1970 na tena 1971. Hata watengenezaji wenyewe, basi, walijifunza kwenye krenki kabla ya kuvuna kwenye kemshafti.

Kinachoituliza krenki hiyo ni puli ya mbele. Wengi hudhani kazi yake ni kuzungusha mkanda tu. Ndani yake kuna pete ya mpira kati ya kitovu na duara la nje, na mpira huo ndio unaomeza mtetemo. Mpira wa miaka hamsini umekauka na kupasuka. Mara nyingine duara la nje huteleza juu ya kitovu, na hapo balaa huwa mbili: mtetemo haumezwi tena, na alama za taimingi zilizo kwenye duara hilo zinadanganya. Fundi anaweka taimingi kwa uaminifu wote kwa kufuata alama, kumbe injini inawaka mapema mno, inagonga, pistoni zinatoboka. Nimeona injini imenoki hivyo, na mwenyewe akailaumu petroli.

Kwa wenye L24 au L28 walioamua kubadilisha, na ambao sehemu ya chini ya injini zao imekaguliwa, nina machache ya kuwaambia kuhusu kazi yenyewe. Kabla hujaitoa gia ya kemshafti, ishikilie cheni kwa kabari ya mti iliyochongwa vizuri, uishushe katikati ya cheni mpaka ibane. Usipofanya hivyo tenshona inayoikaza cheni itaruka, na utalazimika kufungua kifuniko chote cha mbele kwa ajili ya kipande kidogo kama kidole gumba. Minara inayoishika kemshafti usiifungue bila sababu. Ilinyooshwa ikiwa mahali pake.

Kemshafti nyingi za kuuzwa ni zile za zamani zilizochongwa upya, kwa hiyo duara la chini la nundu limekuwa dogo. Roka sasa inakaa tofauti, na mguso wake unahamia ukingoni. Dawa yake ni vikofia vinene zaidi juu ya valvu. Paka roka rangi, zungusha injini kwa mkono, utazame nundu imefuta wapi. Alama ikae katikati ya uso wa roka, isiguse ukingo. Kwa mjomba haikuwa katikati, na pamoja na springi zilizochoka, ndiyo iliyotufikisha pale Maungu. Kwenye 7,000 kila valvu hufunguka na kufunga zaidi ya mara 58 kwa sekunde. Springi dhaifu haiwahi, roka inaelea hewani, na ikitua haitui ilipotoka.

Springi mpya nazo zipimwe. Nundu ndefu ikiibana springi mpaka mizingo yake igusane, kitu kitavunjika siku ya kwanza. Kisha pima nafasi kati ya valvu na pistoni: bandika udongo wa kuchezea watoto juu ya pistoni, funga hedi, zungusha injini kwa mkono mara mbili, fungua, ukate udongo kwa wembe. Milimita 2 kwa valvu ya kuingiza na 2.5 kwa ya kutoa ndicho kiwango ambacho wengi hawashuki chini yake. Ni kazi ya mchana mmoja inayookoa injini nzima.

Roka za zamani usizifunge kwenye kemshafti mpya bila kuzichonga upya. Paka nundu grisi ya kemshafti, na injini ikiwaka mara ya kwanza usiiache kwenye silensa. Ishikilie karibu na 2,000 kwa dakika 20 hivi ili oili irushwe vya kutosha. Tafuta oili yenye zinki na fosforasi za kutosha, kwa sababu oili nyingi za magari mapya zimepunguziwa, na nundu zinazosuguana na roka hulika bila hizo.

Halafu weka kizuizi cha resi. Visanduku vya kuwasha vya kielektroniki vinavyokata moto kwenye resi ulizochagua vinapatikana, na bei yake ni ndogo kuliko ya krenki. Lakini kabla ya kukiamini, linganisha geji ya gari na kipimo kingine, kwani geji za zamani hukosea. Na ujue kizuizi hakiwezi kukulinda na mkono wako mwenyewe. Ukiwa gia ya nne kwenye 5,000, ukakosea ukaingiza ya pili ambayo inazungusha injini mara mbili zaidi, magurudumu yataisukuma krenki mpaka 10,000, moto umekatwa au haujakatwa.

Ushauri wangu kwa gari la barabara zetu: L24 yenye pistoni na konrodi za kiwandani, springi mpya na puli nzima, ifungiwe kemshafti ya wastani, na kizuizi kiwekwe 6,500. L28 iwe hapo au chini kidogo. Anayetaka 7,500 ajenge kwanza chini: konrodi zilizokaguliwa nyufa, bolti mpya bora, krenki iliyosawazishwa pamoja na flaiwili na klachi, puli mpya. Hizo ndizo pesa zisizoonekana ukifungua boneti, na ndizo ninazoziheshimu.

Mjomba alifunga kemshafti laini zaidi, springi mpya na vikofia vya unene sahihi. Kwenye kioo cha geji akachora mstari kwa rangi ya kucha ya shangazi, kwenye 6,500. Wewe mwenye gari lililosimama uani ukingoja kemshafti iliyoagizwa, chukua tochi jioni hii, inama mbele ya injini, uutazame mpira wa puli ya krenki. Ukiwa umepasuka, puli ndiyo ya kununua kwanza.